Swali Nililouliza Mlangoni kwa Dada

Dada yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, nikiwa katika ofisi ya kanisa hapa Musoma naandika matangazo ya ibada ya kesho yake. Hakusalimia. "Mdogo wangu, ni wa kiume!" alisema, na nyuma yake nikasikia wanawake wakipiga vigelegele. Nikasema Bwana asifiwe. Akaitika amina, kisha akangoja niseme neno jingine. Nikamuuliza kama mvua imenyesha huko Butiama.

"Imenyesha," akasema, na simu ikakatika. Labda aliikata yeye.

Mtoto aliyekuwa akishangiliwa hakuzaliwa na dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka sabini, wala hakuwa mjukuu wake. Kwetu kuna ndoa ambayo watu wa mbali huishangaa. Inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wake akaoa msichana, kwa mahari kamili na mashahidi. Msichana huyo huzaa, na watoto anaowazaa ni wa nyumba ile. Wanaitwa kwa jina la marehemu mume wa yule mama, na wa kiume ndio wanaorithi. Mwanamume aliyemtia mimba hahesabiwi. Watu wanaweza kumjua, wakakutana naye mnadani wakamsalimia vizuri tu, lakini jina lake halitajwi ndani ya ule mji na hakuna anayeuliza.

Dada alikuwa na mabinti wanne, wote wameolewa, wa karibu kabisa yuko Bunda. Mume wake alipofariki, ndugu wawili wa mume, wanaoishi jirani naye, walisubiri miaka michache ya heshima kisha wakaanza kusema maneno. Walisema mji ule unafungwa. Ndivyo tunavyosema juu ya makazi ya mtu na zizi lake kama hakuna mtoto wa kiume wa kubaki: mji unafungwa, na ardhi inarudi kwa ndugu. Mkubwa wao alifikia hata kupima kwa hatua zake shamba la mihogo lililo nyuma ya jiko, dada akimwangalia kupitia dirisha. Ndipo dada akatoa ng'ombe sita, akaenda upande wa Nyamuswa, akaoa.

Msichana alikuwa wa miaka ishirini hivi, aliyelelewa na mjomba wake, mpole, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Alimwita dada "mama". Dada alimwita "mke wangu", na alifurahia sana kulitamka hilo mbele ya watu. Mara ya kwanza nilipokwenda kuwaona aliniambia, "Karibu, mdogo wangu, uonje ugali wa mke wangu. Wa mkeo nimeula miaka arobaini, sasa nimepata wangu." Mke wangu mimi, tuliyekwenda naye, alicheka hadi akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Nilikuwa mzee wa kanisa na katibu wa usharika wetu, mwalimu mstaafu, niliyesoma masomo ya Biblia kwa posta kwa miaka mitatu na kupata cheti. Nilikuwa nimekwenda na Biblia kwenye mfuko. Nikamsomea dada mistari niliyokuwa nimeiandaa, polepole, kama ninavyofundisha wanaojiandaa kwa ubatizo. Alisikiliza yote, mikono juu ya magoti. Nilipofunga kitabu akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. "Basi kunywa chai, inapoa."

Usharika wake wa Butiama ulimtenga na Meza ya Bwana. Kabla ya kufanya hivyo wazee wa kule walinitafuta mimi kaka yake wanisikie. Walikuwa watu wema, na nadhani walitumaini nitaomba muda. Nikawaambia wafuate kanuni. Tangu siku hiyo dada akawa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Hakukosa Jumapili hata moja.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa kwetu ameshajiuliza. Dada amenizidi miaka minane. Alipoolewa mimi nilikuwa darasa la nne, na ng'ombe walioletwa kwa ajili yake baba aliwatunza, wakazaa, na ndio aliowatoa nilipofika wakati wa kuoa. Kaka na dada wa namna hiyo kwetu wana jambo kati yao hadi kufa. Mke wangu humpigia dada yangu magoti hata wakikutana barabarani penye vumbi. Watoto wetu watano walipozaliwa, dada ndiye aliyekuja kuwashika wa kwanza. Alitoka Butiama na kuku wake na unga wake wa ulezi, akakaa mwezi mzima, akatuendesha wote kama jeshi. Wakati ule nilikuwa na wajukuu kumi na mmoja. Ukitafuta chanzo cha watu wote hawa utafika kwenye ng'ombe wa yule mwanamke, ambaye mwenyewe hakuwa na mtoto wa kiume wa kubaki nyumbani kwake.

Wiki mbili baada ya ile simu alikuja Musoma mwenyewe. Alikataa soda, akaomba maji. Mke wangu akakaa naye chini kwenye mkeka, mimi kwenye kiti.

"Nimekuja kukuomba," akasema. "Siku ya kumtoa mtoto nje, nataka wewe umpokee mlangoni."

Hilo nalo lina utaratibu wake. Mtoto akitimiza majuma machache hunyolewa, watu hukusanyika, na wanawake humtoa ndani hadi kizingitini. Pale mzee wa kiume humpokea mikononi, humpeleka hadi kwenye mlango wa zizi la ng'ombe na kusema kwa sauti: huyu ni mtoto wa mji huu. Watu huitika: ni wetu. Baada ya hapo hakuna wa kuuliza tena. Kazi hiyo ni ya upande wa mume. Lakini mashemeji wa dada walikuwa wamemwambia kwamba watakuja kama wageni waalikwa, wakae, wale, waondoke.

"Wao wakikataa, mtu wa kwetu anaruhusiwa," dada akasema. "Nimeuliza wazee, wakasema kaka yangu anatosha. Ila na wewe ukikosekana, basi mtoto ni wa njiani, na mimi nitafute pa kwenda."

Nilimwelewa vizuri. Sijifichi nyuma ya kutoelewa. Nilijua kwamba maneno yangu sita mbele ya zizi yangempa yule mtoto shamba, na kumpa dada yangu mahali pa kufia.

Nikamwambia nitakuja kwa sharti moja, kwamba mtoto aletwe kubarikiwa kanisani, na kadi yake nitaiandika mwenyewe.

"Hata leo!" akasema. "Nani amekataa?"

"Kadi ina nafasi ya jina la baba."

"Andika la marehemu mume wangu."

"Dada. Amefariki miaka tisa iliyopita."

Akanitazama kama anavyonitazama tangu nikiwa na miaka mitano. "Ninyi mnahubirigi kila Jumapili kwamba wafu watafufuka, hamchoki. Wa kwangu amepata mtoto tu, tayari umeshtuka?"

Mke wangu alijifunika kitenge usoni, mabega yakitikisika. Dada naye alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akainama akanigusa goti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa maana yeye ni mkubwa.

"Mdogo wangu, yule msichana usimuulize kitu. Kwetu haulizwi. Unajua."

Nikamwambia najua. Sikumwambia kwamba sitauliza. Yeye aliondoka akidhani nimemwahidi, na mimi nilimwacha aondoke hivyo.

Siku ilipofika tulipanda gari asubuhi, mke wangu na mimi, tukashuka Butiama na kumalizia kwa pikipiki mbili. Nilikuwa nimevaa koti la ibada. Katika mfuko wa ndani kulikuwa na kadi ya kubarikiwa, nimeshaijaza kwa kalamu ya wino mweusi na mwandiko ninaosifiwa: jina la mtoto, jina la mama, tarehe, jina la usharika. Mstari mmoja ulikuwa mtupu.

Uani kwa dada palikuwa pamefungwa turubai la bluu. Wanawake walikuwa kwenye masufuria, moshi umewajaa machoni, wanatukanana kwa upendo juu ya nani amezidisha chumvi. Mashemeji wawili walikuwa wamekaa viti vya mbele wamevaa kofia. Mkubwa aliniona nikiingia akapaza sauti, "Karibu, mwalimu! Umetuletea baraka au matangazo?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mdogo wake hakucheka, alinipa mkono akiendelea kuushika kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Tunakuheshimu sana wewe. Wewe huwezi kusema uongo." Nilifurahi kusikia hivyo. Ninaandika hapa kwamba nilifurahi.

Mtoto alikuwa amenyolewa na bibi mmoja ambaye macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo upande wa kulia wa kichwa uling'aa na upande wa kushoto ulibaki na vishungi vya nywele hapa na pale. Alikuwa mnene. Alikuwa amelala. Dada alimtoa ndani mwenyewe, amevaa gauni la kijani lililoshonwa kwa ajili ya siku ile, akaja hadi kizingitini akamweka mikononi mwangu. Zizi lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

Sikwenda. Nilisimama pale mlangoni na kufikiri kwamba nitakuwa nasema mbele za Mungu neno ambalo silijui kuwa kweli. Nilifikiri juu ya kadi. Nilifikiri pia, na hili nimechukua muda mrefu kulikubali, kwamba wale watu wawili wenye kofia walikuwa wananitazama, na kwamba mmoja alikuwa amesema siwezi kusema uongo. Ndani, nyuma ya dada, yule msichana alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu amenyoosha, amejifunga kanga mpya.

Nikamuuliza kwa sauti ya upole, ile ninayoitumia kwa mtoto wa darasani aliyesahau jibu. "Binti yangu, baba wa mtoto huyu ni nani?"

Kwenye masufuria mtu aliangusha mwiko.

"Mdogo wangu," dada akasema. Hilo tu.

Msichana alimtazama dada, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amelelewa kutomdanganya mzee, na mzee huyu alikuwa amemshika mtoto wake na amevaa koti la kanisa. Angeweza kunyamaza. Nami ningeweza kumwacha anyamaze. Nikamwambia, "Usiogope. Kweli haimdhuru mtu."

Akamtaja. Alikuwa kijana wa Murangi, anayeleta dagaa siku za mnada kwa pikipiki. Wengi pale walimfahamu na kila mmoja alikuwa ameshanunua dagaa wake.

Shemeji mdogo alisimama polepole, akavua kofia. "Tumesikia sote," akasema. "Mtoto ana baba. Anaishi, ana jina, ana kwao." Kisha akanigeukia. "Asante sana, mwalimu. Sisi tungeanzia wapi kumuuliza?"

Nilimpeleka mtoto kwenye zizi hata hivyo. Nilisema yale maneno, huyu ni mtoto wa mji huu, na nilipaza sauti. Wanawake watatu au wanne waliitika, mke wangu mmojawapo. Wengine walikuwa wanatazama viatu vyao. Mtoto akaamka akaanza kulia, nami nikarudi naye hadi mlangoni nikamkuta msichana amesimama, amenyoosha mikono, uso umemvimba kwa aibu. Dada alikuwa ameingia jikoni.

Tulikula. Dada alinipakulia mwenyewe nyama ya kaka, kipande kinachonistahili, akaninawisha mikono kwa maji ya moto na kuniomba radhi kwamba ugali umechelewa. Hakukaa. Wakati wa kuondoka nilitoa kadi mfukoni nikamuuliza kwa sauti ya chini kama niandike.

"Andika," akasema. "Si umeshajua?"

Nikaiweka kadi juu ya paja langu, nikaandika jina la kijana wa dagaa kwa mwandiko ule ule.

Haukupita muda mrefu, watu wa Murangi walikuja. Hawakuja kwa kujituma; mashemeji waliwafuata kule ziwani wakawaeleza kwamba kijana wao ana mtoto wa kiume analelewa na mwanamke mzee asiye na mume, na kwamba msichana mwenyewe amekiri hadharani. Wazazi wa kijana walikuwa watu wa kawaida, wavuvi, waumini kama sisi. Wakaona aibu. Wakauza mtumbwi, wakanunua ng'ombe sita wa kurudisha mahari.

Dada alikataa kuwapokea. Shauri likapelekwa mbele ya wazee wa ukoo wa mumewe, nami nikaitwa. Tulikaa katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa vidari. Dada alizungumza vizuri. Alisema alitoa ng'ombe, mashahidi wapo, mtoto alizaliwa juu ya kitanda chake, na tangu babu zetu hakuna aliyewahi kumfuata mwanamume wa nje katika nyumba ya namna hiyo. Wazee wawili walitikisa kichwa kumkubali. Nadhani angeshinda.

Kisha shemeji mkubwa akasema, "Kumbe aliyeuliza alikuwa nani? Alikuwa adui? Ni kaka yake wa tumbo moja, mzee wa kanisa, mtoto yuko mikononi mwake. Huyo hapo. Muulizeni."

Wakaniuliza kama ni kweli msichana alimtaja yule kijana. Nikasema ni kweli. Wakaniuliza kama nimeandika mahali. Nikasema nimeandika.

Siku msichana anaondoka na mtoto kwenda Murangi mimi sikuwepo. Mke wangu alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia, akiwa amesimama, bila kuvua viatu. Dada alimfunga mtoto mgongoni mwa msichana kwa mikono yake, akakaza kanga, akarekebisha mguu mmoja uliokuwa umekunjika vibaya. Alimpa chupa ya chai, unga wa ulezi, na kadi ya kliniki ya mtoto. Msichana alilia akasema, "Mama, nitamleta." Dada akamwambia, "Asipokutambua mtu usimlazimishe." Hakuna aliyeelewa alikuwa anazungumza juu ya nani. Wale ng'ombe sita walikuwa wamesimama nje ya zizi, hakuna aliyewafungulia.

Mke wangu alimaliza kusimulia, akavua viatu, akasema, "Siku ile ungekohoa tu."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Ungekohoa, ukaenda kwenye zizi. Kwani nani angekudai jibu?"

Tumeoana miaka mingi na hajawahi kuniambia neno gumu zaidi ya hilo. Mwezi ule ule binti yetu wa mwisho alijifungua hapa Musoma, mjukuu wa kumi na mbili, na nyumba ilijaa wanawake, vitenge, harufu ya uji. Mkwe wangu alikuwa safarini kikazi. Mtoto alipoletwa sebuleni nilimpokea, nikamwombea, nikasema huyu ni wetu, wote wakaitika. Hakuna aliyemuuliza binti yangu swali lolote. Mimi mwenyewe halikunijia.

Nilimweleza mchungaji wetu habari hii yote. Ni kijana, nilimfundisha darasa la tano. Nilitarajia anitie moyo, kwamba nilisimama katika kweli na yaliyofuata ni ya Mungu. Alisikiliza akigeuzageuza funguo zake mezani.

"Lakini mzee," akasema, "kwa nini hukuacha wazi?"

"Kuacha nini wazi?"

"Hiyo nafasi ya baba. Si tunaachaga wazi? Wewe ndiye uliyenifundisha. Unachora kistari tu."

Alipoondoka nilifungua kabati la ofisi nikatoa nakala za kadi. Sikuhitaji kutafuta sana. Kulikuwa na kadi za watoto wa wasichana wa mjini, wengine siwakumbuki hata sura. Wasichana waliokuja na mama zao, wameinamisha vichwa, nikawauliza jina la baba, wakanyamaza, nami nikachora kistari kifupi chenye wino mweusi na kuwaambia Mungu ni baba wa wote. Mwandiko ni wangu. Kadi baada ya kadi, huruma niliyowapa watu nisiowajua, na kila mara nilirudi nyumbani nikijisikia vizuri. Dada yangu tu ndiye niliyetaka aujaze mstari.

Nimesoma neno la Mungu maisha yangu yote na ninamshukuru kwa mengi: kwa afya, kwa mke, kwa wajukuu. Sidhani kama Mungu ndiye aliyeniuliza swali lile mlangoni. Nimejaribu kumsingizia, haikukaa.

Mwaka jana wakati wa kiangazi nilikwenda Butiama peke yangu. Nilikuwa na mpango. Mwanangu mkubwa ana wavulana watatu, na nilikuwa nimeshazungumza naye kwamba wa kati, mwenye miaka minane, akakae na shangazi wa baba yake, asome shule ya kule, amsaidie maji na mbuzi. Nilidhani ni mpango mzuri. Njiani nilikuwa nimeshaupanga kwa maneno.

Nilimkuta dada nje ya jiko anapepeta mtama. Amekonda. Mihogo ya shemeji imefika hadi ukutani mwa jiko. Ukinyoosha mkono dirishani unashika majani. Zizi halipo. Nikamuuliza nguzo zimekwenda wapi.

"Nimezichoma. Siku hizi kuni ziko mbali."

Alinikaribisha, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina yao bila kusahau hata mmoja. Akaniambia kwamba usharika wake umemrudisha kwenye Meza ya Bwana, kwa kuwa sasa nyumba yake haina tena jambo lisilo la utaratibu. "Jumapili iliyopita nimeshiriki," akasema. "Na benchi wamenirudisha la mbele."

"Nashukuru kusikia hivyo," nikasema.

"Unashukuru nini?"

Hakuwa ananikejeli. Alisimamisha ungo akangoja jibu, na kama ningekuwa nalo angelipokea. Nilipoona anaendelea kungoja nikamweleza ule mpango wangu wa mvulana.

Alisikiliza hadi mwisho, kama siku ile ya mistari ya Biblia.

"Ana mama yake?"

"Anaye."

"Mama yake amekubali?"

"Atakubali."

"Muache akae na mama yake." Akapuliza makapi. "Mimi sikutaka mtoto wa kuazima, mdogo wangu. Nilikuwa naye."

Nikamuuliza kama wamewahi kumleta amwone. Akasema walimleta mara moja, siku ya mnada. Mtoto anatembea. Anaongea maneno yake ya kule ziwani, anajua furu na sato na gogogo, anawaita samaki kwa majina kama mzee. Alimpa ndizi, akaichukua, akarudi kujificha nyuma ya baba yake. "Ni kijana mzuri yule baba yake," dada akasema. "Anampenda. Sina la kumsema." Kisha akasema kwamba kabla ya masika shemeji atakuja kuezua jiko ili apanue shamba, na kwamba binti yake wa Bunda ameshamwandalia chumba. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza ratiba ya gari.

"Utakwenda?"

"Nibaki na nani?"

Alileta chakula, ugali wa mtama na dagaa waliokaangwa kwa nyanya. Akaninawisha. Nilivua kofia, nikafumba macho, nikaanza kuomba. Nilianza kwa kushukuru kama ninavyoanza daima, nikaomba kwa ajili ya nyumba ile, nikaanza kusema kwamba Bwana anisamehe mimi niliyesimama mlangoni pa dada yangu, na hapo nikaishia. Nimeombea watu wengi, kwenye vitanda vya hospitali na makaburini, na sijawahi kukwama.

Nikasikia dada anasogeza bakuli.

"Ombea chakula tu," akasema.

Nikaombea chakula.